Mchezo wa Kujenga Madola na Funzo la Historia Yetu

Kila taifa lina michezo yake, na kila mchezo una mafunzo yake. Mtoto achezaye kombolela hujifunza kujificha na kutafuta. Kijana achezaye bao hujifunza kuhesabu, kusubiri na kuipima nia ya mwenziwe. Wazee wetu walilijua jambo hili tangu zamani, ndiyo maana hawakuuhesabu mchezo kuwa ni upuuzi. Mchezo ni chuo kisicho na ubao wala chaki: achezaye hufundishwa bila ya kujua kwamba anafundishwa. Kwa sababu hiyo, uingiapo mchezo mpya katika nchi, na hasa mchezo unaodai kueleza habari za kale za wanadamu, ni wajibu wa walimu na wanafunzi kuuchungua kwa makini ule ule wanaouchunguzia kitabu kipya cha historia.

Mchezo tunaokusudia kuuchungua hapa ni ule wa kompyuta uitwao Age of Empires, maana yake Enzi ya Madola. Ulitungwa na kampuni ya Ensemble Studios ya mjini Dallas, Marekani, ukatolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 1997. Toleo la pili lilitoka mwaka 1999, la tatu mwaka 2005, na la nne mwaka 2021. Kampuni iliyoutunga ilifungwa mwaka 2009, lakini mchezo wenyewe haukufa pamoja nayo. Matoleo ya zamani yamekarabatiwa na watungaji wengine, yakaongezewa mataifa mapya, na yanaendelea kuchezwa. Basi si ajabu leo kumkuta kijana aliyeyasikia majina ya Wasumeri, Wahiti na Wafoinike mbele ya kompyuta kabla ya kuyasikia darasani. Mwalimu wa historia amepata mshindani, au pengine msaidizi. Litakalotokea kati ya haya mawili linategemea namna tutakavyouelewa mchezo huu.

Jinsi Mchezo Unavyochezwa

Katika toleo la kwanza, mchezaji huchagua taifa moja miongoni mwa mataifa 12 ya kale: Wamisri, Wayunani, Wababeli, Waajemi na wengineo. Huanza na jengo moja la kati na wanakijiji watatu. Nchi yote inayomzunguka imefunikwa na giza, na giza hilo huondoka kadiri watu wake wanavyotembea na kuona. Wanakijiji hukusanya vitu vinne: chakula, miti, mawe na dhahabu. Kwa chakula cha vipimo 50 hupatikana mwanakijiji mpya. Kwa miti hujengwa nyumba, ghala, kambi ya askari na bandari. Mchezaji hangoji zamu yake kama katika bao au dama. Yeye na wapinzani wake hutenda kwa wakati mmoja, na anayezubaa hupitwa.

Akiisha kukusanya vya kutosha, mchezaji hupanda daraja. Kutoka Zama za Mawe huingia Zama za Zana kwa kulipa vipimo 500 vya chakula. Kutoka hapo huingia Zama za Shaba Nyeusi kwa vipimo 800 vya chakula, na mwishowe Zama za Chuma kwa vipimo 1,000 vya chakula na 800 vya dhahabu. Kila zama hufungua milango ya majengo mapya, silaha mpya na maarifa mapya. Ushindi hupatikana kwa njia chache: kuwaangamiza wapinzani wote, kukusanya na kulinda masalio matakatifu au magofu yote, ama kujenga jengo la ajabu na kulilinda kwa miaka 2,000 ya mchezo, ambayo kwa saa ya ukutani ni dakika chache tu.

Kwanza tuseme haki ya mchezo huu. Unafundisha kwamba jeshi halitoki hewani. Nyuma ya kila askari yupo mkulima, mkata miti na mvuvi. Mchezaji anayeharakia vita kabla ya kuimarisha mashamba hushindwa, na dola lisilolisha watu wake huanguka hata likiwa na mashujaa. Fikira hii ni ya kweli, nayo ni bora kuliko ile ya vitabu vingi vya zamani vilivyoeleza historia kuwa ni orodha ya wafalme na tarehe za vita. Aidha, mchezo humfundisha kijana kuuliza maswali ya maana: maji yako wapi, miti iko wapi, njia ya bahari inaelekea wapi, na kwa nini watu walikaa hapa wasikae pale. Maswali hayo ndiyo mwanzo wa jiografia na historia.

Hata hivyo, mchezo ni mchezo. Bruce Shelley, mmoja wa wabunifu wake wakuu, amepata kueleza kwamba utafiti mrefu hauhitajiki kwa mchezo wa burudani, na kwamba marejeo yanayofaa zaidi mara nyingi hupatikana katika sehemu ya watoto ya maktaba. Twamshukuru kwa ukweli wake. Maana ya maneno hayo ni kwamba mchezo hautuletei historia kama ilivyochunguzwa na wataalamu, bali historia kama inavyokumbukwa na watu wa kawaida wa nchi ulikotungwa. Kilichokwisha kukaa katika fikira za watu hao ndicho kilichoingia katika kompyuta, na kilichosahauliwa kiliachwa nje.

Ngazi ya Zama

Jambo la kwanza lililoingia ni ngazi ya zama. Mpango wa kuyagawa mambo ya kale katika Zama za Mawe, za Shaba Nyeusi na za Chuma uliwekwa na Christian Jürgensen Thomsen, Mdenmaki aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho mjini Copenhagen, na ukachapishwa mwaka 1836. Thomsen alikuwa na kazi ya kupanga vyombo vya kale kwenye makabati: vya mawe huku, vya shaba nyeusi huku, vya chuma kule. Kwa vyombo vya Ulaya ya Kaskazini mpango wake ulifaa sana. Tatizo lilianza pale mpango wa makabati ulipogeuzwa kuwa sheria ya wanadamu wote, ikadhaniwa kwamba kila taifa halina budi kupanda ngazi ile ile, kidato kwa kidato, na kwamba lisilofika kidato fulani limechelewa.

Afrika kusini ya Sahara haikuifuata ngazi hiyo. Katika sehemu kubwa ya nchi zetu watu walitoka katika zana za mawe wakaingia katika chuma moja kwa moja, pasipo kuwapo zama za shaba nyeusi kati yake. Katika nchi za magharibi ya Ziwa Viktoria, zikiwamo sehemu za Kagera, watu walikuwa wakiyeyusha chuma yapata miaka elfu mbili iliyopita. Katika miaka ya 1970, wazee wa Buhaya waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo walijenga tena tanuru la kuyeyushia chuma mbele ya mtafiti Peter Schmidt, wakaonyesha kwa mikono yao elimu iliyokuwa karibu kupotea: udongo wa tanuru, mawe ya chuma, makaa ya miti iliyochaguliwa, mivuo, na watu wa kuivukuta bila ya kuchoka. Katika mchezo, taifa la namna hii haliwezekani. Anayetaka chuma ni lazima kwanza alipie shaba nyeusi. Mhunzi wa Buhaya angeambiwa na kompyuta kwamba hajastahili kufanya kazi aliyokwisha kuifanya.

Kosa hili si dogo kama linavyoonekana. Kijana anayeikubali ngazi hiyo ataipima historia ya babu zake kwa kipimo kisichowahusu, kisha atajiona ametoka katika watu waliochelewa. Tumepata kuyasikia mawazo haya wakati wa ukoloni, yaliposemwa wazi na watawala. Leo hayasemwi na mtu yeyote; yamo ndani ya kanuni za mchezo, na kanuni za mchezo hazibishaniwi, hufuatwa tu.

Ngazi hiyo ina kasoro nyingine: kila kidato hupandwa kwa ghafula. Mchezaji hubonyeza, hungoja kidogo, na nyumba zote za kijiji hubadilika sura kwa mara moja. Historia haiendi hivyo. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate nchini Kenya, Mark Horton na wenzake walifukua ardhi katika miaka ya 1980, wakakuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti iliyotangulia, ya miti na udongo, iliyofuatana mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8. Mji wa mawe haukushushwa kutoka mbali ukawekwa ufukweni. Ulikua kutoka katika mji wa miti, kizazi baada ya kizazi, mahali pale pale na kwa ibada ile ile. Ugunduzi huo ni miongoni mwa mambo yaliyoivunja ile nadharia kongwe iliyosema kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni, na wenyeji wakawa watazamaji tu.

Kaskazi, Kusi na Dola la Kilwa

Sasa tuutazame upande wa biashara. Katika toleo la kwanza la mchezo, mashua ya biashara hutoka bandari moja hadi nyingine na kurudi na dhahabu, na kadiri bandari ya mbali ilivyo mbali zaidi, ndivyo faida inavyozidi. Watungaji walielewa vizuri hapa, kwani kitu huongezeka thamani kwa umbali. Lakini mashua za mchezo huenda na kurudi wakati wowote, kana kwamba bahari haina upepo.

Ustaarabu wa pwani yetu ulijengwa na upepo. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, huleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi huanza kuvuma karibu na Aprili, nayo huyarudisha. Kati ya pepo hizi mbili nahodha hana la kufanya ila kungoja. Katika kungoja huko alikaa mjini miezi, akapanga nyumba, akakopa na kukopesha, akasali na wenyeji, na mara nyingi akaoa. Watoto waliozaliwa walikuwa watu wa mji. Utafiti wa masalio ya watu wa kale wa pwani uliochapishwa mwaka 2023 ulithibitisha jambo ambalo wazee wa pwani hawakuacha kulisema: kwamba katika makaburi ya miji hiyo wamelala watu wenye asili ya Kiafrika na ya Asia pamoja, na kwamba kuchanganyika huko kulianza yapata miaka elfu moja iliyopita.

Kilwa ndiyo mfano mkuu. Ibn Battuta alipofika huko mwaka 1331 aliusifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri. Dhahabu ya bara ya kusini ilipitia Sofala ikafika Kilwa, na masultani wa Kilwa wakapiga sarafu zao wenyewe za shaba. Sarafu ya Kilwa imepatikana hata katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na hodhi la kuogea lenye pembe nane, lilisimama juu ya mwamba likiitazama bahari, na msikiti mkuu ulipanuliwa mpaka ukawa na safu za nguzo na kuba. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Dola hili lingeingiaje katika mchezo? Mwaka 2015 toleo la pili la Age of Empires liliongezewa sehemu iliyoitwa The African Kingdoms, yaani Falme za Kiafrika. Mataifa manne yaliongezwa: Waberberi, Waethiopia, Wamali na Wareno. Ndugu msomaji asidhani tumekosea kuandika. Katika sehemu iliyopewa jina la falme za Afrika, taifa la nne lilikuwa Ureno. Pwani ya Waswahili haikupewa taifa la kuchezwa katika sehemu hiyo. Iliingia kama mahali pa kupita tu, katika mfululizo wa visa vya Francisco de Almeida, jemadari wa Kireno. Mchezaji akitaka kuiona pwani yetu, huiona kutoka kwenye sitaha ya merikebu ya Almeida.

Habari za Almeida tunazijua. Alifika Kilwa mwezi wa Julai mwaka 1505 akiwa na kundi kubwa la merikebu za vita. Miaka mitatu kabla yake, Vasco da Gama alikuwa ameulazimisha mji huo kutoa kodi ya dhahabu. Almeida aliuteka, askari wake wakaupora, akamweka mtawala mwingine na kujenga ngome. Mwezi wa Agosti aliishambulia Mombasa, akaichoma moto na kuipora. Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwamo katika msafara huo, anatajwa kuwa ndiye aliyeandika habari zake, na humo zimo sifa za nyumba za mawe na chokaa, na za bustani zilizoizunguka Kilwa. Waliouvunja mji ndio hao hao walioushuhudia uzuri wake.

Kwa kanuni za mchezo, kisa hicho kimekwisha: adui ameanguka, dhahabu imepatikana, ushindi umetangazwa. Kwa kanuni za historia, kisa ndipo kinapoanza. Wareno waliitaka dhahabu ya Sofala, lakini dhahabu haikuwa imelala Kilwa ikingoja kuchukuliwa. Ilifika pale kwa sababu ya kuaminiana kwa wafanyabiashara wa pwani na wa bara, kwa nguo na shanga zilizopendwa, kwa mikopo, ujamaa na ahadi. Mambo hayo hayatekwi kwa mizinga. Wafanyabiashara walikimbilia bandari nyingine kama Angoche, biashara ikachepuka, na Wareno waliiacha ngome yao ya Kilwa mwaka 1512. Mombasa nayo ilijengwa upya na watu wake. Ilishambuliwa tena mwaka 1528, ikainuka tena. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, nao wakafukuzwa humo mwaka 1698. Katika mchezo, taifa lililovunjiwa majengo yote hufutika katika ramani. Mombasa ilivunjwa, lakini Wamombasa hawakufutika.

Nani Mwenye Ustaarabu?

Hapa twafikia swali lililo kubwa kuliko mchezo. Kuwa taifa la kuchezwa ni kuhesabiwa kuwa na ustaarabu. Katika toleo la mwaka 1997, Afrika iliwakilishwa na Misri peke yake, na mwaka uliofuata ikaongezwa Karthago. Kush, ambayo wafalme wake waliitawala Misri yenyewe katika karne ya 8 na ya 7 kabla ya Kristo, haikuwamo. Aksum haikuwamo. Kadhalika, wanakijiji wote wa toleo hilo walikuwa wanaume. Wanawake waliingia kazini katika toleo la mwaka 1999. Mwanafunzi yeyote aliyekulia kijijini ataona kwamba kijiji kisicho na wanawake hakilimi, hakipiki, wala hakidumu hata msimu mmoja.

Kabla ya kuwalaumu wageni, inatupasa tulichungue neno letu wenyewe. Ustaarabu ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika asili yake lilihusu kuwa au kujifanya Mwarabu. Basi hata katika lugha yetu, kipimo cha ubora wa maisha kiliwahi kutoka nje. Wakati fulani mtu aliitwa mstaarabu kwa kanzu na kilemba chake, na wakati mwingine kwa suti na tai. Leo tunalitumia neno hili kwa maana pana zaidi, yaani maisha ya watu waliojipangia sheria, kazi, elimu na adabu zao. Maana hii ndiyo tunayoitetea, na kwayo Engaruka ni ustaarabu kama ilivyo Kilwa.

Engaruka iko chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kaskazini ya Tanzania. Wakulima waliokaa huko kwa muda wa karne kadhaa, hata karne ya 18, waliyaongoza maji ya mito kutoka kwenye mteremko kwa mifereji, wakayagawa katika mashamba yaliyopangwa kwa kingo za mawe, maelfu ya ekari katika nchi kavu. Ulikuwa mpango uliohitaji mapatano ya kila siku: nani afungue maji leo, nani kesho, nani asafishe mfereji. Umaarufu wa Engaruka hautokani na mfalme wala na vita. Katika mchezo wa madola, watu wa Engaruka wasingekuwa na njia ya kushinda, kwa kuwa hawakuvunja mji wa mtu. Katika historia walishinda ukame, na huo si ushindi mdogo.

Ni haki pia kusema kwamba watungaji wamejifunza. Toleo la tatu lilipokarabatiwa mwaka 2020, mataifa ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini yaliitwa kwa majina wanayojiita wenyewe, baada ya kushauriana na watu wa jamii hizo. Zama zilizoitwa za Ugunduzi zilibadilishwa jina, na zile za Ukoloni zikaitwa za Biashara. Tunalipokea badiliko la kwanza kwa furaha. Kwa lile la mwisho twaomba tahadhari. Ukoloni ukiitwa biashara, uchungu wa jina huondoka lakini tendo hubaki, na mwanafunzi huweza kudhani kwamba palikuwa na kununua na kuuza kwa hiari mahali ambapo palikuwa na mjeledi.

Mwaka 2021 toleo hilo hilo liliongezewa Waethiopia na Wahausa, na hapo likatokea jambo la kutia moyo. Watungaji waliona kwamba kanuni za zamani hazitoshi kueleza falme hizo, wakaongeza kitu kipya cha kukusanywa: ushawishi. Falme hizo hupanda zama kwa kufanya mapatano na watu wengine, na mifugo huwa mali inayouzwa sokoni. Ilipotazamwa Afrika kwa makini, kanuni za mchezo zililazimika kubadilika. Ngazi ya zama, basi, si amri ya mbinguni. Iliandikwa na watu, na watu waweza kuiandika upya.

Bao na Enzi ya Madola

Yafaa tumalize kwa kuulinganisha mchezo huu na mchezo wetu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, hunamua mpaka za mkononi ziishe, kisha huingia katika mtaji. Ni mchezo mgumu wa vita na akili, nao hauna huruma kwa mzembe. Lakini tuangalie jambo moja. Kete zinazoliwa katika bao hazitolewi nje. Huchukuliwa na kusambazwa upya katika mashimo ya upande wa aliyezila. Mwanzo wa mchezo kete ni 64, na mwisho wake ni 64. Anayeshindwa hushindwa kwa sababu safu yake ya mbele imekuwa tupu au hana tena la kucheza. Kete zenyewe zipo zote.

Katika Enzi ya Madola yupo kuhani awezaye kumgeuza askari wa adui kuwa wake, lakini kwa sehemu kubwa aliyeshindwa hufa, miti hukatwa isiote tena, na machimbo ya dhahabu hukauka. Mchezo huanza katika nchi ya kijani na kuishia katika visiki na magofu. Hatusemi kwamba mmoja ni mwema na mwingine ni mwovu. Twasema kwamba kila mmoja umebeba fikira yake juu ya mali na watu. Bao lilizaliwa katika jamii zilizojua kwamba watu ndio utajiri, na kwamba mtu aliyetoka upande wa pili huweza kuongezwa katika nyumba yako. Historia ya pwani, ambayo tumeieleza hapo juu, ilikwenda hivyo mara nyingi, ingawa nayo ilikuwa na vita vyake na dhuluma zake, utumwa ukiwamo.

Wajibu wa Mwalimu na Mwanafunzi

Tufanyeje basi? Kuupiga marufuku mchezo huu hakutafaa, kwani kinachokatazwa hutafutwa kwa siri. Kuusifu bila ya kipimo nako kutakuwa ni kuikabidhi kompyuta kazi ya mwalimu. Linalofaa ni kuuingiza mchezo darasani kama tunavyoingiza kitabu chenye mema na makosa. Hata shule isiyo na kompyuta moja inaweza kufanya hivyo, kwa kuwa kanuni za mchezo huelezeka kwa maneno na kuandikwa ubaoni.

Mwalimu na awaulize wanafunzi wake: kama sisi ndio tungetunga mchezo huu juu ya wilaya yetu, mchezaji angekusanya nini? Je, chumvi ingekuwamo, na ng'ombe, na mvua? Nani angekuwa mwanakijiji, na bibi angefanya kazi gani? Mji ungepandaje daraja, na kwa malipo gani? Na ushindi ungekuwa nini: kuuvunja mji wa jirani, kuumaliza mfereji, au kuwalisha watu wote mpaka mavuno yajayo? Kujibu maswali hayo kutawalazimu wanafunzi kwenda kwa wazee wao, kutembelea magofu na mahame yaliyo karibu nao, na kusoma. Hapo watakuwa wanahistoria kweli.

Mchezo utokao mbali umetuonyesha ya kwamba historia inaweza kumvuta kijana akasahau hata kula. Hilo ni funzo kwetu sote tuliozoea kuifundisha kwa kuimla. Lakini picha ya watu wetu wa kale haiwezi kuachiwa wale ambao waliijua pwani yetu kwa njia ya merikebu za Almeida. Matanuru ya Buhaya, mifereji ya Engaruka na kuba za Kilwa ziko hapa, nchini, na wenye kuzieleza wapo. Tusipozieleza sisi kwa lugha yetu, zitaelezwa na wengine kwa kanuni zao, na watoto wetu watazicheza kanuni hizo wakidhani ndiyo historia yao.